Dawa ya koo ya siku tatu na moyo wa mtoto wako

Simama robo saa mbele ya duka lolote la dawa kati ya viwanja vya Mnazi Mmoja na Soko la Kariakoo, jioni watu wanapofunga biashara, na hutakosa kuyasikia mazungumzo haya.

“Dokta, nipatie dawa ya tonsesi, ni ya mtoto.”

“Ana miaka mingapi?”

“Minane. Jana kalala na homa, leo hata uji haumezi.”

“Nikupe dozi nzima au ya kuanzia?”

“Nipe ya kuanzia kwanza, mama. Nikipata nitakuja kuchukua nyingine.”

Muuzaji anahesabu vidonge kumi vya rangi mbili, anavitia kwenye bahasha ndogo, anaandika 1x3 juu yake, na mteja anawahi daladala. Keshokutwa mtoto anaamka hana homa, anadai chapati, anataka kwenda kucheza. Nani atarudi dukani kuchukua nyingine?

Ndugu msomaji, sikuandikii haya kumsema mzazi wala muuzaji. Mara nyingi mambo huishia hapo na hakuna kinachoharibika. Lakini kuna koo la aina moja ambalo ukilitibu hivi linaweza kunyamaza leo na kurudi baada ya wiki tatu likiwa limeshuka kwenye magoti, na baada ya miaka kumi likiwa limefika kwenye moyo. Mzazi anapaswa kulijua koo hilo kwa sura, ajue kipimo cha dawa yake, na ajue ana siku ngapi za kuliwahi.

Tonsesi si ugonjwa

Tuanze na jina, maana jina linatupotosha. Mtu husema “mwanangu ana tonsesi” kana kwamba ni kitu kilichomwingia. Tonsesi, au findo kwa jina la wazee, ni tezi mbili zilizo kulia na kushoto mwa koo, nyuma ya ulimi. Kila mtoto anazo, na kazi yake ni kusaidia kukamata vijidudu vinavyopita mdomoni na puani. Zikivimba na kuuma ndipo tunasema mafindofindo. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni “kilichozivimbisha ni nini?”

Mara nyingi ni virusi. Kati ya watoto kumi wanaofika hospitali wakilalamika koo, saba au wanane wana virusi, wale wale wa mafua na kikohozi. Wawili au watatu ndio wenye bakteria. Kwa watu wazima bakteria ni wachache zaidi: kati ya watano na 15 katika kila 100. Koo la virusi hupona lenyewe ndani ya wiki moja hivi, na hakuna antibayotiki inayolisaidia, hata iwe ya bei gani. Ndiyo maana wale waliomeza vidonge kumi na kupona wanaapa kwamba dawa ni nzuri. Wangepona hata kwa maji ya chumvi.

Kwa upande wa bakteria, tunayemwogopa zaidi anaitwa streptokoki wa kundi A. Anapenda watoto wa miaka mitano hadi 15, yaani wa umri wa shule. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu si kawaida kumkuta. Anaenea kwa matone ya mate mtu anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza kwa karibu, na kwa vyombo vya pamoja. Darasa lenye wanafunzi wengi, chumba kimoja wanacholala watano, kikombe kimoja cha maji kinachozunguka madrasa nzima: hayo ndiyo makao yake. Tangu mtoto aambukizwe hadi aumwe hupita siku mbili hadi tano.

Koo la bakteria linavyoonekana

Koo la bakteria halibishi hodi. Asubuhi mtoto alikwenda shule mzima, jioni anarudi amejikunyata, ana homa kali, na kumeza mate tu kunamtoa machozi. Watoto wengi hulalamika kichwa na tumbo, wengine hutapika, na hapo mzazi anafikiria malaria au chakula kibaya.

Mpeleke penye mwanga, mwambie aachame aseme “aaa”, mulika kwa tochi ya simu, ukandamize ulimi kwa mpini wa kijiko kisafi. Utaona findo nyekundu zilizovimba, mara nyingi zikiwa na madoa meupe au ya njano kama usaha, na pengine vidoa vidogo vyekundu kwenye paa la mdomo. Sasa pitisha vidole chini ya taya, mbele ya shingo. Ukikuta tezi zilizovimba na mtoto akashtuka kwa maumivu, hiyo ni dalili nyingine. Baadhi hutoka vipele vidogo mwilini ambavyo ukivigusa ni kama msasa.

Halafu angalia kisichokuwepo, na hili ndilo wengi wanalisahau. Mtoto mwenye koo la streptokoki kwa kawaida hakohoi na hatoki kamasi. Kama anakohoa, pua zinamtiririka, sauti imekauka na macho mekundu, basi karibu kila mara ni virusi. Kikohozi na kamasi, ambavyo ndivyo vinatutia hofu na kutukimbiza dukani, hapa ni habari njema.

Dalili hizi hazimpi hata daktari uhakika kamili. Kipimo chenyewe ni kupitisha pamba kwenye findo na kuotesha majimaji yake maabara, jibu linatoka baada ya siku moja au mbili. Kipo pia kipimo cha haraka cha dakika chache, ingawa si kila kituo kinacho. Pasipo kipimo, tabibu huamua kwa umri na dalili, na kwa nchi kama yetu, mtoto wa shule mwenye dalili nilizozitaja anastahili kutibiwa kama mwenye bakteria.

Una haki ya kuuliza. Mtoto mwenye homa akifika kituoni hutobolewa kidole kupimwa malaria, na ni sawa kabisa. Kipimo kikitoka hasi, kabla hujapokea karatasi ya dawa, uliza kwa heshima: “Dokta, koo lake umeliangalia?” Nimeona watu wakitoka na majibu ya damu, mkojo na choo, mtoto hajaachama mdomo hata mara moja.

Upo pia kipimo cha damu kinachoitwa ASO. Hicho kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kupambana na streptokoki siku za nyuma. Kinamfaa daktari anayeshuku homa ya baridi yabisi, ila hakiwezi kukuambia kama koo linalouma leo ni la bakteria.

Linavyofika kwenye moyo

Mwili wa mtoto ukipambana na streptokoki hutengeneza askari wa kumtambua na kumshambulia. Shida ni kwamba baadhi ya sehemu za bakteria huyu zinafanana na sehemu za mwili wenyewe: za moyo, za maungio, hata za ubongo. Kwa watoto wachache askari hao wanachanganyikiwa. Koo limekwisha pona, bakteria ameondoka, lakini askari wanaendelea kupiga, na safari hii wanapiga nyumbani.

Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi ya moyo, ambayo madaktari wanaiita homa ya rumatiki. Huja kwa kawaida wiki mbili hadi tatu baada ya koo. Goti linavimba na kuuma, kesho limepona na sasa ni kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Maumivu yanahama. Mtoto mwingine mikono inaanza kujirusha bila yeye kutaka, mwandiko unaharibika, anadondosha vikombe, na nyumbani anachapwa kwa uzembe au anapelekwa kuombewa. Mwingine anachoka akipanda ngazi.

Wanaofika huko ni wachache; kati ya watoto 100 wenye koo la streptokoki lisilotibiwa, hawazidi watatu. Ila hakuna anayeweza kukuambia kama wa kwako yumo. Na aliyepata mara moja, kila koo jipya linaweza kuirudisha homa ile, na kila inaporudi inaacha makovu kwenye milango ya moyo. Milango hiyo, ambayo wengine huita vali, inakakamaa au inaanza kuvuja. Mara nyingi mgonjwa hajui lolote hadi ukubwani. Wanawake wengi hugundulika wakiwa wajawazito, mimba inapouzidishia moyo kazi na mama anashindwa kupumua akilala chali.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu duniani na kila mwaka unaua takriban 360,000, wengi wao wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Ulaya na Marekani Kaskazini ulikuwa tele zamani, sasa umekuwa nadra, kwa sababu ya nyumba zenye nafasi na penisilini.

Kutoka maduka ya dawa ya Kariakoo hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, si mbali. Mtu mwenye miguu mizuri anatembea. Taasisi hiyo ilianza mwaka 2015, na kabla yake wagonjwa wengi wa moyo walikuwa wakisafirishwa hadi India. Leo milango ya moyo iliyoharibika inabadilishwa hapa hapa nchini, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini aliyewekewa mlango wa chuma atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara ili dawa isizidi wala isipungue. Huo ndio umbali halisi kati ya bahasha ya 1x3 na chumba cha upasuaji.

Una siku tisa

Antibayotiki sahihi ikianzwa ndani ya siku tisa tangu koo lilipoanza kuuma, inaizuia homa ya baridi yabisi. Kwa hiyo huna haja ya kuvunja mlango wa duka saa nne usiku. Mpe mtoto dawa ya maumivu, lala, asubuhi mpeleke akaangaliwe. Lakini pia usingoje mwisho wa mwezi.

Dawa yenyewe ni ya zamani na ya bei nafuu. Alexander Fleming aliigundua penisilini mwaka 1928, na hadi leo streptokoki wa kundi A hajajifunza kuishinda. Katika zama hizi ambapo kila siku tunaonywa kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, huyu bado anainama mbele ya penisilini na ndugu yake amoksilini. Anayekutaka ununue antibayotiki mpya ya bei kubwa kwa sababu eti “hizi za zamani hazifanyi kazi”, kwa ugonjwa huu amekosea. Septrin na tetrasaiklini ndizo hazifai hapa, hata kama jirani alipona nazo. Azithromaisini na nyingine za jamii yake zinabaki kwa wale ambao penisilini inawadhuru kweli.

Sasa tufanye hesabu, maana tatizo letu kubwa liko kwenye hesabu. Kipimo cha amoksilini kwa koo la streptokoki ni miligramu 50 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, bila kuzidi miligramu 1,000, kwa siku kumi. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 1,000 kwa siku. Kidonge cha kawaida cha mtoto ni cha miligramu 250, hivyo ni vidonge vinne kwa siku, na kwa siku kumi ni vidonge 40. Mteja wetu wa jioni alipewa kumi. Amenunua robo ya dawa.

Ya maji inadanganya zaidi. Chupa ya mililita 100 yenye miligramu 125 katika kila mililita tano ina miligramu 2,500 tu. Kwa mtoto huyo huyo inatosha siku mbili na nusu. Ile yenye miligramu 250 inatosha siku tano, kwa hiyo zinatakiwa chupa mbili. Mzazi anayemaliza chupa moja anaamini amemaliza dozi, na hana kosa, hakuna aliyemwambia. Ukichanganya dawa ya unga kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, soma kwenye chupa inakaa siku ngapi, kwa kuwa nyingi hazizidi siku saba nje ya jokofu. Ya pili ichanganye ile ya kwanza ikiisha. Tikisa kabla ya kila kipimo, na pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kifuniko chenye mistari. Kijiko cha chai cha nyumbani kila kimoja kina ujazo wake.

Hesabu hii nimeiweka uelewe kwa nini daktari anaandika nyingi. Usiitumie kujiandikia mwenyewe. Mpime mtoto uzito, na kipimo kitoke kwa aliyemwona.

Wapo watakaosema wamesoma mahali kwamba siku tano zinatosha. Ni kweli, na si uzushi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa matumizi ya antibayotiki unaruhusu siku tano, ila kwa sehemu ambazo homa ya baridi yabisi ni nadra. Kwa sehemu ambazo bado ipo, kama kwetu, ni siku kumi. Mtoto anapata nafuu siku ya pili au ya tatu, na siku saba zilizobaki zinamfukuza yule bakteria aliyejificha kwenye findo.

Unajijua kuwa nyumbani kwako hakuna atakayekumbuka dawa siku kumi? Uko Kongo au Narung'ombe tangu alfajiri, mtoto anaachwa na dada yake wa darasa la sita? Sema hivyo kwa daktari, bila aibu. Ipo sindano ya benzathini penisilini inayochomwa mara moja tu, na inafanya kazi ya siku zote kumi. Inauma, sitakuficha, mtoto atachechemea. Inaweza kuchanganywa na dawa ya ganzi kupunguza maumivu. Ichomwe kituo cha afya au hospitali, penye dawa ya dharura endapo mwili utaikataa, na msubiri hapo nusu saa kabla ya kuondoka. Ukiulizwa kama mtoto ana mzio wa penisilini, eleza kilichotokea. Kuharisha kidogo si mzio. Kuvimba uso, kubanwa pumzi au kuwashwa mwili mzima mara baada ya dawa ni jambo la kusema kwa sauti.

Nina neno moja kuhusu gharama, kwa sababu najua ndiyo inayompeleka mtu dukani badala ya hospitali. Sera yetu inawasamehe ada watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya umma. Koo la streptokoki, kama nilivyosema, ni la miaka mitano hadi 15. Yaani msamaha unaishia pale pale ugonjwa unapoanzia. Asiye na bima analipa kumwona daktari, analipa kipimo, analipa dawa. Ningependa wapanga sera wa afya waliangalie hilo. Kwa leo ninachoweza kukuambia ni kwamba vidonge 40 vya amoksilini bado ni katika dawa za bei ya chini, na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, bora itoshe kuonana na tabibu kisha dozi kamili, kuliko dozi nne za kuanzia ndani ya mwaka mmoja.

Barafu, asali na kimeo

Nilikua nikiambiwa kwamba barafu za ukwaju ndizo zinazoleta mafindofindo. Nusu ya Kariakoo imekua ikiambiwa hivyo. Barafu haileti streptokoki. Mtoto mwenye koo kali akinyonya barafu iliyotengenezwa kwa maji safi anaweza hata kupata nafuu, maana baridi inatuliza maumivu. Maji machafu na barafu moja kunyonywa na watatu ni kesi nyingine.

Nyumbani, iwe ni virusi au bakteria, mpe parasetamoli kwa uzito wake, anywe maji na uji mwepesi mara kwa mara. Mkubwa anayeweza kusukutua bila kumeza asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Chai ya tangawizi yenye asali ni nzuri, ila asali isimguse mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Aspirini usimpe mtoto.

Na kimeo? Hapa nitakuwa mkali. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo. Mjini hapa na mikoani bado wapo wanaoamini kwamba mtoto akikohoa sana, akitapika au asiponenepa, kimeo kimerefuka na kinatakiwa kukatwa. Mkataji anaitwa nyumbani, au mtoto anapelekwa, na kinakatwa kwa wembe au kifaa cha waya. Madaktari wa masikio, pua na koo nchini wameandika kuhusu madhara yake tangu miaka ya 1980: kuvuja damu hadi kupungukiwa, usaha wa shingo, pepopunda, na vifo. Kimeo kilichovimba kimevimba kwa sababu koo zima limevimba, na koo likitibiwa kinarudi. Kikohozi kisichoisha kina sababu yake, ikiwamo kifua kikuu na pumu, na sababu hiyo haiondoki na wembe.

Kuondoa findo hospitali ni jambo tofauti kabisa. Hufanywa na daktari bingwa, mtoto akiwa amelazwa usingizi, na kwa sababu maalumu: kwa mfano mtoto amepata mafindofindo ya kweli mara saba au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au findo ni kubwa kiasi cha kumkata pumzi usingizini. Mara mbili au tatu kwa mwaka hazitoshi.

Wakati wa kukimbia

Acha kila kitu uende hospitali, hata usiku, mtoto akitokwa udenda kwa kushindwa kumeza mate, akivuta pumzi kwa shida au kwa sauti ya kukoroma, akishindwa kufungua mdomo, sauti ikiwa kama ya mtu mwenye viazi vya moto mdomoni, au upande mmoja wa shingo ukivimba. Hilo linaweza kuwa jipu nyuma ya findo, nalo linahitaji kutobolewa na mtaalamu.

Utando wa kijivu uliong'ang'ania kooni, pamoja na shingo iliyovimba, unatia shaka ya dondakoo. Huo ni ugonjwa mwingine wa bakteria, unaua haraka, na kinga yake ni chanjo ya Penta anayopewa mtoto akiwa na wiki sita, kumi na 14. Fungua kadi ya kliniki uhakikishe zote tatu zimewekwa alama.

Na kwa wiki tatu hadi nne baada ya koo kupona, mwangalie. Mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi au uso ukivimba asubuhi, ni figo. Maungio yakiuma kwa kuhama, kifua kikimbana, au mikono ikijirusha, mwambie daktari kwa maneno haya haya: “Wiki tatu zilizopita aliumwa koo.” Bila sentensi hiyo anaweza kukutibia malaria.

Shuleni arudi akiwa ametumia antibayotiki kwa saa 24 na homa imeshuka. Kwa kawaida hapo hawezi tena kuambukiza wenzake. Ndugu zake wa nyumbani hawahitaji dawa kama hawaumwi. Anayeanza kuumwa koo aangaliwe.

Ambaye homa imeshampata

Najua baadhi yenu mnaosoma haya mna mtoto ambaye tayari ameambiwa ana homa ya baridi yabisi au mlango wa moyo umeguswa. Kwake penisilini haijachelewa. Mwaka 2021 watafiti nchini Uganda walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kaskazini mwa nchi hiyo. Walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000, wakawapata 818 wenye dalili za mwanzo ambao hawakuwa wakijijua kuwa wagonjwa. Nusu walichomwa benzathini penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Kati ya waliochomwa, watatu ndio ugonjwa uliwazidi. Kati ya wasiochomwa ni 33.

Ndiyo maana daktari anampa mwanao tarehe ya sindano kila wiki tatu au nne, na anaendelea kwa miaka, mara nyingi hadi apite miaka 21, na zaidi kama moyo umeharibika. Mtoto hatajisikia anaumwa, ataona anaonewa, na utachoka kumbembeleza. Mwezi mmoja ukirukwa hakuna kinachotokea machoni pako, kisha linakuja koo jipya. Andika tarehe ukutani. Akisafiri likizo kwa bibi, kadi yake iende naye, na uulize mapema kituo cha afya cha huko kama sindano hiyo ipo. Akienda kung'oa jino, iwe kwenye kliniki kubwa au ya mtaani, daktari wa meno aambiwe kuhusu moyo kabla hajagusa kitu, maana baadhi ya wagonjwa hawa wanatakiwa wapewe antibayotiki kwanza ili bakteria wa mdomoni wasije kukaa kwenye mlango wa moyo uliokwisha kuumia.